Mfupa Nilioubeba Shingoni

Siku ya kwanza kazini nilishuka Garsen na sanduku la bati, cheti cha ualimu kilichokunjwa mara nne, na viatu vipya vilivyonibana vidole. Mwalimu Mkuu wa shule niliyopangiwa alikuwa mwanamume mrefu, mtu wa tai, hata jua likiwaka la kukausha mate mdomoni. Alinitazama, akatazama barua yangu, akaniuliza natoka wapi.

"Ozi," nikamjibu.

"Ozi ya mpunga na samaki?"

"Hiyo hiyo, Mwalimu."

"Na Kiingereza chako ni cha wapi?"

Nikamwambia ni cha chuoni. Akacheka kidogo kwa pua, akafungua kabati.

Alinikabidhi vitendea kazi kimoja kimoja, nami nikatia sahihi. Boksi mbili za chaki. Kifutio. Vitabu vya wanafunzi kumi na viwili, kwa darasa la nne lenye watoto sitini na wawili. Daftari la skimu, yaani mpangilio wa masomo ya muhula mzima, wiki baada ya wiki. Rekodi ya kazi, ambamo mwalimu huandika alichofundisha kweli, maana mara nyingi si kile alichokiahidi kwenye skimu. Daftari la alama, lenye jalada jekundu. Mwisho kabisa akatoa mfupa.

Ulikuwa mfupa wa bega la ng'ombe, mpana, umetobolewa tundu na kupitishwa kamba ya katani. Ulikuwa umelainika kwa kushikwashikwa na mikono ya watoto miaka na miaka. Watoto waliuita Bega, kama jina la mtu.

"Huu utakusaidia kuliko chaki," Mwalimu Mkuu akasema.

Walimu vijana ninaokutana nao siku hizi hawaujui mfupa ule, na nikiwasimulia huniambia, "Madam, hiyo ilikuwa noma!" Basi nieleze. Shule nyingi zilikuwa na kitu cha namna hiyo. Kwingine kilikuwa kibao, wakakiita diski. Sisi tuliokaa na ng'ombe tukatumia mfupa. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani kwao, iwe Kipokomo, Kiorma, Kisomali au Kigiriama, alivishwa Bega shingoni. Hata Kiswahili kilihesabiwa kosa, isipokuwa katika kipindi chake. Aliyevaa hakuweza kulivua mpaka amsikie mwenzake akikosea, ndipo alihamishie kwake. Kwa hiyo mwenye Bega aligeuka mwindaji. Alijibanza nyuma ya vyoo, alijifanya anafunga kamba za viatu, na wengine hata viatu hawakuwa navyo. Jioni tuliuliza Bega lilipitia kwa nani, na wote waliolibeba siku hiyo walibaki kufagia uwanja.

Sikuuliza swali lolote kuhusu mfupa ule. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto shuleni nilivishwa kipande cha kafi la mtumbwi kwa kosa la kusema Kipokomo, nikalia, nikaapa sitakivaa tena. Sikukivaa tena. Niliamini kwamba ndivyo nilivyopata Kiingereza, na pengine kwa sehemu ilikuwa kweli. Nikaning'iniza Bega kwenye msumari karibu na ubao, nikaanza kazi.

Kazi yenyewe niliipenda tangu wiki ya kwanza. Asubuhi tulianza na kadi za maneno. Hizi nilizikata kutoka katika maboksi ya sabuni, neno moja kila kadi, na mtoto aliyelisoma alipaswa kulitia katika sentensi papo hapo. Ijumaa ilikuwa imla, mimi nasoma, wao wanaandika. Kati ya wiki tulikuwa na zoezi la kujaza mapengo: kifungu cha habari kilichotobolewa matundu, na mtoto anachagua neno la kuziba kila tundu. Watoto wa Garsen walikuwa hodari wa mapengo. Walikuwa na akili ya sokoni, waliangalia kilicho mbele na kilicho nyuma kabla ya kuamua.

Shida ilikuwa vitabu. Vilijaa theluji, treni na bustani za maua. Watoto waliuliza maswali ambayo chuo hakikunifundisha kuyajibu. Theluji ikianguka juu ya ng'ombe, ng'ombe hufanya nini? Anayeishi ghorofani akifuga mbuzi, mbuzi hulala chini peke yao? Maswali kama hayo nilianza kuyaandika katika daftari langu mwenyewe, lenye jalada la plastiki ya buluu, kwa sababu yalinifurahisha na kwa sababu nami nilitaka kujua. Daftari hilo ninalo hadi leo.

Suala la ghorofa lilinishinda kabisa. Nilichora, nikaonyesha kwa mikono, nikapanda juu ya meza. Mwishowe niliwapanga mstari, tukaenda hadi kwa mzee mmoja wa Kisomali mwenye duka la vitambaa, ambaye nyumba yake ilikuwa na ngazi ya saruji upande wa nje. Nilimwomba ruhusa watoto wapande na kushuka, wakisema kwa Kiingereza wanachofanya.

Mzee alitazama ule mstari wa watoto sitini na kitu. "Wallahi, mwalimu," akasema, "hii ngazi mwataka kukodi au mwaniposea binti?"

"Mzee, ni somo tu."

"Basi na wavue viatu. Mama yangu yuko juu anasali."

Wakavua, wenye viatu. Walipanda wakisema, wakashuka wakisema, na hakuna aliyelisahau neno lile mpaka mwisho wa mwaka. Mwalimu Mkuu aliponiita kunikumbusha kwamba kutoka nje ya shule kunahitaji barua, alikuwa anajizuia asicheke. Nasema hivi ili msije mkamwona mtu mbaya kwa haya yanayofuata.

Mwaka wangu wa tatu alitangaza zawadi. Mtoto ambaye hatavaa Bega hata siku moja kwa muhula mzima atapewa kamusi ndogo mbele ya wazazi. Muhula wa kwanza mshindi alitoka darasani kwangu, msichana wa Kiorma jina lake Hawo. Muhula wa pili akashinda tena, akapewa mkebe wa jometri. Nilimsindikiza mbele ya gwaride nikiwa nimevimba kichwa kama mimi ndiye niliyeshinda. Mwalimu Mkuu alimpa mkono, na Hawo akainamisha kichwa, akarudi mstarini.

Wiki ya kwanza ya muhula wa tatu, siku ya mnada wa mifugo, mama yake Hawo alikuja shuleni. Wanawake wa Kiorma waliokuja mjini kuuza maziwa nilikuwa nawajua kwa sura, na huyu nilimjua. Alitua vibuyu vyake mlangoni mwa darasa, watoto wakiwa mapumziko. Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha biashara ya maziwa na kidogo zaidi, lakini hakikumzuia.

"Mwalimu, mimi nauliza tu. Hii zawadi ya Hawo ni ya nini?"

"Ni ya kutosema lugha ya nyumbani akiwa shuleni, Mama Hawo. Mihula miwili, hata siku moja."

"Sasa yeye nasema lugha gani?"

"Kiingereza."

"Wewe umesikia?"

Nikatazama uwanjani, nikimtafuta Hawo kwa macho.

"Mimi nauliza," akasema tena, na sasa sauti yake haikuwa ya kuuliza. "Hii mtoto nyumbani ilikuwa naongea mpaka ndama nachoka. Tangu hii zawadi ya pili ikuje, hata nyumbani nanyamaza. Naulizwa, natikisa kichwa. Baba yake nasema hii shule nakula mdomo ya mtoto."

Tukamwita Hawo. Nilimsalimia kwa Kiingereza, akanitazama. Nilimsalimia kwa Kiswahili, akanitazama vilevile. Mama yake akamwambia jambo kwa Kiorma, na mtoto akageuza macho, akayatupa pale ukutani Bega lilipokuwa, kisha akatazama miguu yake.

"Mwezi hii ikiisha," mama akasema akibeba vibuyu vyake, "kama bado, namtoa. Takwenda kwa nyanya yake huko juu, tachunga. Huko akikaa na ng'ombe tasema."

Alipoondoka nilichukua daftari la alama lenye jalada jekundu. Kila mwezi tulitakiwa kumpima mtoto kwa alama za mazungumzo, yaani umsikilize peke yake akieleza jambo, umpe alama juu ya kumi. Watoto sitini na wawili, dakika tano kila mmoja, ni zaidi ya saa tano. Sikuwa nazo saa tano. Basi nilikuwa nakaa mezani na kujaza kwa kukisia. Mkorofi nilimpa tano, mwenye kelele sita, mtulivu saba. Hawo alikuwa na saba, saba, saba, saba, kuanzia Januari. Nilizitazama zile saba zimejipanga vizuri kwa wino wa buluu, nikaona aibu iliyonipanda hadi masikioni. Mtoto huyu nilikuwa nimekaa naye miezi minane, na sauti yake sikuijua.

Nilivuta madaftari yake ya mazoezi. Mapengo yote yamezibwa sawa. Imla, hakuna kosa. Insha fupi ya ndama aliyepotea, nzuri hata nikajiuliza mbona sikuishtukia mapema. Maneno alikuwa nayo. Alikuwa amepiga hesabu yake kimyakimya, kwamba asiyesema lolote hakosei lolote, na sisi watu wazima tukampa zawadi kwa hilo mara mbili.

Wiki nzima nilijaribu kila nililofundishwa. Nilimbembeleza, nilimpa kadi, nilimkalisha na rafiki yake. Hakuna. Jumamosi moja nikauliza njia, nikaenda mwenyewe kwao, mwendo wa saa nzima kutoka barabara kuu, katika mbuga ile tambarare ambayo unaiona nyumba muda mrefu kabla hujaifikia.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa nyuma ya zizi la ndama, akizungumza nao. Alizungumza bila kupumua, akigombeza mmoja, akimsifu mwingine, akicheka. Sikuelewa hata neno. Nilisimama pale kama mwizi wa kuku, nikisikiliza sauti nyembamba yenye kukwaruza kidogo, nikiwaza kwamba hii ndiyo niliyoipa saba.

Aliponiona akanyamaza. Sikumwuliza kitu. Nilikaa chini, nikatoa daftari langu la buluu, nikamwonyesha kidole ndama mwekundu mwenye tumbo jeupe, nikamtazama. Mama yake alikuwa amesimama mbali, akitutazama. Mwishowe mimi ndiye niliyejaribu, maana mnadani nilikuwa nimesikiasikia maneno ya rangi za ng'ombe. Nikalitaja moja ninalolijua.

Hawo akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakamtikisika. Nililiharibu vibaya sana, inaonekana. Nikarudia, nikaliharibu zaidi, na yeye hakuweza kuvumilia. Akanisahihisha. Neno moja tu. Nikaliandika, nikaonyesha ndama mwingine. Kumbe rangi ya ng'ombe kwao si rangi tu. Kuna neno la mwenye madoa ya ubavuni, lingine la mwenye paji jeupe, lingine la yule ambaye wekundu wake umekolea hadi kukaribia weusi. Mimi, mwalimu wa msamiati, nilikuwa nafundisha rangi saba za kwenye kitabu. Jioni ile niliondoka na maneno kumi na moja, na mwanafunzi wangu alinisahihisha matamshi mpaka nikachoka.

Jumatatu nilitaka kutumia nilichokipata. Somo lilikuwa la sifa, yaani maneno ya kueleza kitu kilivyo. Nilimchora ng'ombe ubaoni, nikamweleza kwa Kiingereza, kisha bila kufikiri nikamtaja kwa neno la Hawo. Watoto wakatazamana. Msichana mmoja wa dawati la mbele, aliyekuwa amevaa Bega tangu asubuhi, akanyoosha mkono taratibu.

"Madam," akasema, akiwa karibu kulia kwa woga, "umesema Kiorma."

Nilimtazama, nikatazama Bega shingoni mwake. Sheria nilikuwa naisimamia mwenyewe na haikuwa na kifungu cha kumwacha mwalimu. Nikainama. Akanivisha.

Walicheka sana, nami nikacheka. Lakini kengele ya mapumziko ilipolia, kamba ile ya katani ikinikwaruza nyuma ya shingo, nikagundua jambo. Mwenye Bega ndiye pekee awezaye kulihamisha. Mimi nisipomkamata mtu, halitoki. Niliwaambia hivyo, kwamba nitakaa nalo mpaka mwisho wa mwezi na sitamsikia yeyote.

Siku ya kwanza hawakuniamini. Siku ya tatu minong'ono ilianza. Kufikia wiki ya pili uwanja ulikuwa na kelele za lugha nne, na jambo lililonishangaza ni kwamba Kiingereza nacho kiliongezeka. Kilikuwa kibovu na kimechanganywa, lakini kilisemwa na watoto ambao awali walikuwa wanakiogopa. Niliyaandika niliyoyasikia kila siku. Hawo hakusema. Alinitazama tu, hasa shingoni.

Mwalimu Mkuu aliniita ofisini.

"Bi Habiba, hicho ni nini shingoni?"

"Ni Bega, Mwalimu. Nilikamatwa."

"Mwalimu hakamatwi."

"Nilikamatwa na mtoto, kwa haki."

Alivua miwani. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Mimi nakijua ninachokifanya," akasema. "Mtihani wa taifa hauwaulizi watoto hawa kwa Kiorma wala Kipokomo. Mtoto wa Nairobi anakisikia Kiingereza kwenye televisheni tangu hajaota meno. Huyu wa kwetu anakisikia kwako tu. Ukimwachia kelele, atafika kule mbele aaibike, na aibu hiyo haina wa kuifagia jioni ikaisha. Vua."

Maneno yake yalikuwa na kweli ndani yake, na mpaka leo sijaweza kuyapuuza yote. Nikamwambia kuhusu Hawo. Nikamwambia kuhusu zile saba. Akavaa miwani yake tena, akasema kujaza alama za kukisia ni kosa la kinidhamu, na kwamba atamwandikia Mkaguzi, afisa wa elimu aliyekuwa na mamlaka ya kutukagua na kutuhamisha. Nikamwambia aandike. Bega sikulivua.

Siku ya mwisho ya mwezi mama yake Hawo alikuja asubuhi, kipindi kikiendelea. Hakuwa na vibuyu. Alikuwa amekuja kumchukua mtoto. Alisimama mlangoni, akaona mfupa ukining'inia kifuani pangu juu ya buibui, na uso wake ukabadilika.

"Mwalimu, hii nini? Wewe navaa mfupa ya ng'ombe?"

Nilianza kumweleza. Nilimweleza kuhusu sheria, kuhusu kuhamishwa, kuhusu kufagia. Kiswahili changu cha Ozi kilikuwa kinamwendea kasi, na nilivyozidi kuona haya ndivyo nilivyozidi kusema haraka. Alitikisa kichwa, hakunielewa. Nikafika kwenye lile lililoniuma. Nikasema, "Mama Hawo, mtoto wako nilimpa alama za kuzungumza, na sikuwahi kumsikia. Niliandika uongo. Kosa ni langu, si lake." Hilo nalo halikumfikia. Akageuka, akamtazama binti yake aliyekaa dawati la tatu, akamwuliza kwa Kiorma.

Hawo alitazama Bega. Akanitazama mimi. Kisha akasimama, kama wanafunzi wanavyosimama kujibu, akaanza kumweleza mama yake.

Alieleza kwa Kiorma, mbele ya darasa zima, kwa sauti ile ya kukwaruza niliyoisikia zizini. Alieleza kwa urefu. Alionyesha msumari ukutani, akaonyesha uwanja, akaigiza mtoto anayejibanza kusikiliza, na watoto wa Kiorma wakacheka. Alionyesha daftari jekundu mezani pangu. Watoto sitini na mmoja walikuwa wamegeuka kumtazama midomo wazi, kwa sababu hata wao wengi hawakuwa wamewahi kuisikia sauti yake. Dirishani alisimama Mwalimu Mkuu, sikumwona alipofika. Alikuwa pale, na alisikiliza mpaka mwisho.

Mama alinisogelea. Nilidhani atanitukana, na nilistahili. Aliushika ule mfupa, akaugeuza, akaukagua kama anayekagua mnyama wa kununua.

"Hii ng'ombe ilikuwa mzuri," akasema. Kisha akamwambia Hawo akae. Akaondoka peke yake, bila kuaga.

Nililia mbele ya wanafunzi, jambo ambalo chuo kilitukataza kabisa. Wiki iliyofuata tukiwa tunasoma picha ya ng'ombe kitabuni, nilisema kwa Kiingereza kuwa ni ng'ombe mzee. Sauti ikatoka dawati la tatu, kwa Kiingereza, ikasema hapana, ng'ombe huyo hajazaa bado, mtazame kiwele. Sentensi yake ilikuwa imepinda mahali fulani. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, sikuitumia.

Mkaguzi alikuja, akakaa nyuma ya darasa na fomu zake, akaandika aliyoyaandika. Mwisho wa mwaka nilihamishiwa Ndera. Mwalimu Mkuu alinipa mkono, akaniambia nichukue Bega, kwa sababu shule haitakuwa na haja nalo tena. Namshukuru kwa hilo hadi leo.

Ndera nilikaa miaka mingi, chini ya wakuu watatu. Wa kwanza alipenda gwaride, wa pili alipenda kilimo, wa tatu alipenda kompyuta kabla hatujapata umeme. Huko nilijifunza kuwapa watoto alama za mazungumzo wakiwa wanafanya kazi zao, wakichota maji, wakipalilia shamba la shule, nikitembea na daftari. Ilinichukua wiki mbili kumaliza darasa moja, na skimu zangu zilichelewa kila mwezi. Mto ulipofurika ukaingia madarasani, tulipandisha vitabu juu ya paa na kuvianika jua lilipotoka. Kabati lilikwenda na maji, na Bega likiwa ndani. Sikulitafuta.

Nilirudi Garsen kwa miaka ya mwisho, nikastaafu hapa hapa. Walinipa saa ya ukutani na leso mbili. Nimekaa na kustaafu kwangu kama na somo jipya ambalo sijaandaliwa skimu yake. Watoto wa siku hizi Kiingereza wanakipata kwenye simu, wanakichanganya na Sheng, wanakigeuza wanavyotaka, na mimi nawasikiliza njiani kwa hamu kubwa. Nikijiuliza kama nilifundisha kitu, najibu kwamba nilifundisha mapengo kwa miaka mingi, na kwamba pengo kubwa kuliko yote nililijaza mimi mwenyewe kwa kukisia, kwa wino wa buluu. Hilo ndilo ningependa mwalimu kijana alijue kuliko kanuni zote za sarufi.

Mwaka huu nilikwenda kituo cha afya. Niliwaambia wanangu ni goti. Nilikaa kwenye foleni ya akina mama na watoto, nikaitwa, nikaingia chumba kidogo chenye feni. Muuguzi alikuwa nyuma ya meza, amevaa ushungi mweupe. Uso wake sikuuona vizuri, ulikuwa ukungu tu, kama nyuso zote zilivyokuwa kwa miezi kadhaa. Akanisalimia, akaniita Mwalimu, jambo ambalo mji mzima hufanya.

"Tatizo ni nini, Mwalimu?"

"Goti tu, mwanangu."

Akaandika. "Goti tu? Hakuna kingine?"

Nilitaka kusema hakuna. Daftari la buluu lilikuwa ndani ya mkoba wangu, na ilikuwa miezi minne tangu nilipoweza kusoma hata swali moja la wale watoto. Sikuwa nimemwambia mtu. Nikanyamaza, nikitegemea kwamba atajaza chochote aniache niende, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na mimi ni mzee mtulivu.

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Mwalimu," akasema, na sasa niliusikia ule mkwaruzo katika sauti yake, "mimi mtu akinyamaza, sijazi fomu. Nangoja."

Mlangoni mtoto wa mtu alikuwa analia. Hawo hakuichukua kalamu. Akakaa, akangoja, na mimi nikamweleza kwa Kipokomo cha kwetu Ozi, kile nilichovishiwa kipande cha kafi nikiwa mdogo, kwamba macho yangu yanaondoka, na kwamba naogopa.